Majembe Arobaini ya Alhamisi

Iyula, Alhamisi, 1 Novemba 1951
Leo majembe arobaini yamelima shamba la Lusubilo. Ndivyo chama chetu kinavyolimiana kwa zamu. Hatuna karani wa Boma, wala hatuombi ruhusa. Fahari kubwa! Lakini nahofu: kitu kisicho na muhuri chaweza kufutwa na yeyote. Nimemwandikia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, kwa siri, kuomba muhuri. Nimetaja idadi yetu, na kwamba hukusanyika kila Alhamisi bila kukosa. "Mtumishi wako mnyenyekevu" nimeiandika mara mbili.

Jumatatu, 12 Novemba
Jibu limepitia kwa Jumbe. Muhuri hakuna! Bwana Shauri amefurahi kusikia habari za majembe arobaini yenye nidhamu; kuanzia Alhamisi hii yatatengeneza barabara ya Tunduma. Mvua i karibu, na shamba la mjane Ruti halijaguswa. Roda, mwenyekiti wetu, ameuliza hadharani ni nani aliyeipeleka Alhamisi yetu Bomani. Nimemlaani msaliti huyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatano, 14 Novemba
Roda mlangoni! Akasema Iyula nzima ina mnyenyekevu mmoja tu. Kisha, kwa upole wa kutisha: "Baba Loisi, tuliungana ili tulime, si ili tuhesabiwe. Barabara tutaitengeneza kiangazi, tukiombwa kama watu. Wewe kesho nenda kwa Ruti na jembe lako, kama kawaida." Nimesamehewa!

Alhamisi, 15 Novemba
Kwa Ruti nilikuwa peke yangu. Tarishi wa Boma akafika kwa baiskeli, akahesabu: mmoja. Nikamweleza kwa lugha fasaha kwamba wenzangu wamechelewa. Akajibu, "Barua ilisema bila kukosa, mzee. Wewe hukukosa. Twende." Nimechimba mtaro wa barabara hadi jua kuzama. Aliponiachia akaniuliza kama najua adhabu ya kulidanganya Boma.

Jumatano, 21 Novemba
Malengelenge mikono yote. Shamba la Ruti limelimwa jana. Mke wangu Ferista alikuwamo. Ameniapisha kwanza, ndipo akaniambia siku mpya ya chama. Amesema nikiipeleka nayo Bomani, nitalima peke yangu hadi kufa.
Lakini nani atanitetea nikiitwa mwongo? Kila nikisikia kengele ya baiskeli naingia chini ya kitanda. Hivyo nimeandika, kwa adabu zote, kwamba majembe arobaini yapo kweli, ila sasa hukusanyika Jumanne. Nimekumbusha habari ya muhuri.
Na nimemsihi Bwana Shauri asimwambie mtu.