Karibu, Shu-chen

Jumanne, 14 Oktoba
Mashine yangu imehujumiwa. Sina shaka. Siku nne tu kabla ya klabu yetu ya mfumo wa kompyuta wa Linux hapa Tainan kuchagua msemaji wa kwenda mkutanoni Taipei! Nafasi hiyo ni yangu. Miaka tisa nimeitetea njia yetu magazetini: andika faili la kueleza kompyuta uitakayo, nayo ijijenge vivyo hivyo. Leo nimeongeza faili la pili, la kibodi ya Kichina. Mashine ikajibu kwamba halipo. Lipo! Naliona kwa macho yangu!

Nikalalamika kwenye kundi la klabu mtandaoni. Mwalimu Liao Shu-chen, mama mstaafu wa hesabu na mpinzani wangu, akajibu kabla chai yangu haijapoa. Eti kaka Tseng, faili jipya huandikishwa kwanza kwenye rejista ya mabadiliko. Mashine haimjui mtoto asiyekuwemo kwenye daftari la kaya. Watu kumi na wawili wakacheka. Nikaliandikisha. Likakubalika. Alijuaje upesi hivyo? Mkono wake umo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Liao ameweka faili lake lote hadharani, kila mtu alisome. Mtu mwema hafanyi hivyo. Nimelipekua nikitafuta hila. Sikuiona. Ndiyo hila yenyewe!

Mistari mia nne, safi kama sahani ya wageni. Nimelinakili lote. Si wizi, ni upelelezi. Nimebadilisha picha ya skrini tu, nikamwondoa paka wake. Mfumo ukajijenga bila kukohoa. Kisha nikafuta matoleo yangu yote ya zamani. Wenzangu huyatunza, ili ukiharibu leo uwashe la jana. Mimi siachi ushahidi.

Jumamosi, 18 Oktoba, asubuhi
Nimezima, nikawasha. Skrini ikasema: Karibu, Shu-chen. Jina langu halipo popote! Inadai nywila. Nimejaribu yangu mara sita. Faili lilieleza kompyuta ya Liao, na nywila yake ndani, imefumbwa isisomeke. Mashine imetii. Mwenye mali ni yeye, mimi simo.

Mke wangu Hsiu-luan alikuwa nyuma yangu na bakuli la uji wa samaki. Akataka kujua Shu-chen ni nani, anayekaribishwa nyumbani kwake saa moja asubuhi. Nikasema ni mwalimu wa hesabu. "Hesabu gani, we mzee? Za kujumlisha?" Akaondoka na uji.

Jumapili, 19 Oktoba
Jana klabuni, zamu yangu ya kuonyesha mashine kwenye skrini kubwa ya ukumbi ilipofika, nilimnong'oneza Liao aniandikie nywila yake. Akauliza kwa sauti ya darasani, ya nini, kaka? Skrini kubwa ikamjibu. Ukumbi mzima ukasoma. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Akaandika. Ikafunguka. Akawageukia watu: jamani, mnataka ushahidi gani tena? Faili langu linajenga mashine ile ile popote, hata nyumbani kwa adui! Wakapiga makofi. Kura ishirini na tatu kwake. Mimi moja, na naijua ilikotoka.

Mtego mtupu! Mtu mwaminifu anaandikaje jina lake mwenyewe kwenye faili lake mwenyewe? Nimejifunza: kamwe usimwamini Liao. Leo nimenakili la mwenyekiti, Bwana Hsueh. Lote. Matoleo ya zamani nimeshayafuta.

Sasa nazima, niwashe.