Habari za Vita vya Waya Mmoja, Vilivyopiganwa Bagara

Njooni karibu, enyi watu wa Bagara, na ninyi wa Nakwa mnaorudi mashambani, na wa Bonga mlio kando ya barabara ya Dodoma. Tueni mizigo, zimeni pikipiki, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana nataka kuwasimulia jambo ambalo tangu Babati iwe mji halijapata kusimuliwa, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyeliona kuwa na maana. Sikieni habari za Basil mwana wa Modesti, simba wa ubao, jemadari wa chaki, mwalimu aliyefundisha vita vikuu vyote viwili kwa miaka kumi na tisa bila kupigana hata na jirani; jinsi alivyoondoka Jumamosi moja kwenda kuigawa intaneti ya nyumba yake kati ya kompyuta moja na mashine moja ya gemu. Na kwa kuwa historia haipendi uongo, niseme mapema kwamba Basil huyo ni mimi, na hizo sifa nimejipa mwenyewe.

Kila vita vina chanzo chake, na wanafunzi wangu wanajua kwamba asiyetaja chanzo hapati alama. Intaneti iliingia kwetu kwa waya mwaka juzi, na ile rauta, kisanduku kinachoigawa, fundi aliitundika ukutani. Mimi, kwa hekima niliyokuwa nayo siku ile, niliitungua. Niliogopa vumbi la kiangazi na niliogopa wezi. Nikaitia ndani ya kabati la vyombo vya wageni, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma alichotupatia mama mkwe, na mbele yake, ili taa zake zisionekane dirishani, nikasimamisha sinia kubwa la bati tulilozawadiwa siku ya harusi. Kisha nikafunga kabati kwa ufunguo, nikajipongeza. Rauta hiyo ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea waya. Moja liliuawa na radi ya masika, likabaki moja.

Katika tundu hilo moja ulichomekwa waya wa kompyuta ya mke wangu Evangelina, muuguzi, mwanamke wa maneno machache na yote ya kweli. Kompyuta yake ni ya zamani, haijui kushika intaneti hewani, bila waya ni kama meza tu. Kwa waya huo alikuwa anamalizia shahada yake, na Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, alitakiwa kuutetea utafiti wake mbele ya maprofesa watatu walio mbali. Miaka minne ya kusoma baada ya zamu ilikuwa inapimwa saa hiyo.

Na saa hiyohiyo ya kumi mimi nilikuwa na miadi na Feisal.

Huyu Feisal ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Mkewe Shadya alipofariki, miezi mitano iliyopita, alifunga duka, akaenda kukaa kwa binti yake Anifa huko Singida, na tangu hapo hakutaka kusema na mtu. Simu yake ukipiga inaita mpaka inachoka. Lakini Anifa alikuwa na mashine ya gemu, na mwanetu Remigius, aliyeko chuo Morogoro, aliacha yake chumbani kwake. Basi kila Jumamosi saa kumi, wazee wawili wenye mvi tulivaa visikilizio masikioni tukacheza mpira kwenye runinga, yeye kule na mimi huku, na katika kunyang'anyana mpira Feisal alikuwa anatoa neno moja, mara mawili. Anifa aliniambia kwamba hayo ndiyo maneno pekee anayoyasema wiki nzima.

Waya huo tuliuhamisha, mara kompyuta, mara gemu, mpaka utafiti wa mke wangu ulipopamba moto akauhitaji Jumamosi mbili mfululizo. Nilimwandikia Feisal kueleza, lakini waya na matundu havielezeki vizuri kwa mtu mwenye huzuni. Ijumaa akajibu: "Mwalimu, kama umenichoka si neno. Kesho usipoonekana namrudishia mtoto mashine yake." Niliusoma ujumbe huo mara nne. Niliogopa, sitaficha, kwa sababu nilijua kwamba akiiacha ile mashine ameacha na ule mlango mdogo wa mwisho.

Hata kulipopambazuka siku ya vita, nilipanda bodaboda mpaka dukani kwa Mustapha, muuza vifaa vya umeme, nikaomba kile kidude cha plastiki chenye mdomo mmoja upande huu na midomo miwili upande ule. Mustapha alinitazama kwa upole. Aliniambia kwamba kidude kile peke yake hakigawi intaneti, kinaungaunga waya tu, na kwamba ningekaa dakika mbili angenionyesha kinachofaa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya hotuba.

"Mustapha," nikanena, huku wateja wawili wakingoja betri, "maji ya bomba yanapofika kwangu yanakwenda jikoni na yanakwenda bafuni, wala jiko halilinunii bafu. Mabomba hayo niliyaunga mimi, kwa mikono hii, na hayajavuja. Nitashindwaje na kijiwaya kisichozidi kidole? Nipe silaha yangu, na siku hii ikumbukwe dukani mwako."

"Haya mwalimu," akasema Mustapha. "Ila ukija kukirudisha, kiwe na boksi lake."

Nilirudi Bagara kama mshindi. Nilifungua kabati, nikachomeka kidude, nikaunga waya huu na waya ule, nikarudi nyuma hatua tatu kuyatazama mabomba yangu yakitiririka. Mashine ya gemu ikasema haioni kitu. Kompyuta ya Evangelina, ambayo tangu inunuliwe haijapata kumkosea mtu, nayo ikasema haioni kitu. Nilikuwa nimekwenda kukomboa jimbo moja, nikapoteza yote mawili.

Evangelina alitoka jikoni akifuta mikono. Hakufoka. Alikichomoa kidude, akarudisha waya wake mahali pake, akanitia kiapo mbele ya picha ya harusi kwamba sitaugusa tena mpaka amalize mtihani. Kisha akasema, "Na hilo kabati, Baba Remigius, mimi nadhani..."

"Mama Remigius," nikamkatiza, nami nimekwisha kuinua kidole, "jemadari aliye vitani haulizwi habari za samani."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mboga zake. Laiti ningenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa na mistari mitano na mimi ningekula mchana kwa raha.

Waya ukiwa umeharamishwa, ikabaki njia ya hewani. Nilijifungia chumbani kwa Remigius, ng'ambo ya korido, nikaikabili mashine ya gemu uso kwa uso. Iliona jina la mtandao wetu, naam, lakini kwa kistari kimoja chembamba, nacho kinakuja na kuondoka. Nikaandika nywila, ambayo niliitunga mwenyewe kwa fahari ya taaluma, miaka ya kuanza na kumalizika kwa vita vikuu vyote viwili, tarakimu kumi na sita, moja baada ya moja kwa padi ya gemu. Nikifika mwisho kistari kinazimika naanza tena. Niliandika nywila hiyo mara kumi na moja. Niliipandisha mashine juu ya stuli, juu ya vitabu, juu ya dirisha, nikaipuliza matundu, na mara moja, Mungu anisamehe, niliipiga kibao. Vita vyote viwili vilipiganwa upya chumbani humo na vyote nilishindwa.

Saa nane na nusu, bila taarifa, kama ilivyo haki yake, akaingia Shangazi Consolata kutoka Dareda na kiroba cha maharage begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuwa mwekundu macho?"

Sebule ilikuwa imefagiwa na kuandaliwa kwa ajili ya maprofesa, na mke wangu ametangaza ukimya, kwa hiyo nilimkaribisha shangazi kitandani kwa Remigius, akanywa chai, akanitazama nikipigana. Lakini mwanamke wa Dareda hajui kukaa mikono mitupu. Akadai ungo achambue maharage yake. Ungo wetu ulikuwa umeazimwa na jirani, na Evangelina, akipita na karatasi zake, akaniambia nikampe lile sinia la kabatini. Moyo uliniuma, maana sinia lile lilikuwa halijatoka mle miaka miwili. Nikaenda hata hivyo, nikalitoa, nikarudi nalo limekumbatiwa kifuani.

Nilipoingia chumbani, mashine ya gemu ilikuwa inawaka vistari vinne.

Je, niliuliza kwa nini? Sikuuliza. Nilitangaza kwamba ni kazi ya kile kibao. Nilimweleza shangazi, aliyekuwa anatupa mawe madogo dirishani, kwamba chombo kama hiki kinahitaji mkono wa mwanamume anayejua anachokifanya, na nikaendelea hivyo muda mrefu kuliko inavyopaswa kuandikwa. Shangazi alisema ndiyo, ndiyo, akaendelea kuchambua. Ilipobaki robo saa kabla ya saa kumi akamaliza, akalifuta sinia kwa khanga, akanipa. Nami, kwa kuwa ushindi humfanya mtu awe nadhifu, nikalirudisha kabatini kwa heshima zote, nikafunga mlango, nikapishana na mke wangu akikaa mbele ya kompyuta. Nilimtakia heri kwa ishara.

Nikarudi chumbani, nikavaa visikilizio. Kistari kimoja. Kisha hakuna.

Saa kumi ikagonga. Nilipuliza, nikapiga kibao cha kushoto na cha kulia. Saa kumi na dakika tano. Nilimwona Feisal akilini akiukunja ule waya wa mashine taratibu, kama alivyokuwa anakunja vitambaa dukani, na nikakaa sakafuni, jemadari mzima, nikiwa karibu kulia mbele ya shangazi yangu.

"Basil," akasema Shangazi Consolata, ambaye maishani mwake hajapata kugusa intaneti, "ulipolitoa lile sinia, hiki kikaamka. Umelirudisha, kimekufa. Redio ya marehemu mume wangu ilikuwa hivyohivyo, ukiiweka nyuma ya debe haishiki kitu."

Miaka kumi na tisa ya kufundisha, na adui alikuwa ameketi kabatini kwangu, nimemtia mle mwenyewe na ufunguo nimeutia mfukoni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tendo lenyewe. Kati yangu na kabati kulikuwa na sebule, na sebuleni kulikuwa na kamera, na mbele ya kamera alikuwapo mke wangu akieleza utafiti wa miaka minne. Nikalala kifudifudi. Nikaingia kwa tumbo, nikapita chini ya meza, kiwiko kwa kiwiko, juu ya zulia ambalo nilikuwa nimeahidi kulikung'uta tangu Pasaka. Nilifika kabatini nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Niligeuza ufunguo. Mlango wa kabati letu haujapata kufunguka bila kulia, na siku hiyo ulilia kwa kirefu. Vikombe sita vya wageni vikagongana. Evangelina akanyamaza katikati ya sentensi.

"Kuna tatizo huko kwako?" ikauliza sauti ya profesa.

"Hapana, Profesa," akajibu mke wangu bila kugeuka. "Ni mume wangu, anatoa sinia. Kama nilivyokuwa nasema, akina mama mia moja na ishirini walihojiwa."

Nikaliweka sinia mgongoni, nikaondoa kile kitambaa cha kufuma, nikauacha mlango wazi, nikarudi njia niliyojia kama kobe mwenye haraka. Shangazi Consolata alikuwa ameshika mlango wa chumba ili usigonge. Vistari vilikuwa vinne.

Saa kumi na dakika kumi na saba jina la Feisal lilikuwa bado linawaka. Nikamwita.

"Nilikuwa nazima," akasema.

"Usizime. Intaneti ilizuiwa na sinia."

Nikamweleza yote, kabati, wezi, kidude, maharage, na tumbo langu juu ya zulia, wala sikujipunguzia kitu. Nikamwambia ni lile sinia walilotupatia yeye na Shadya siku ya harusi yetu.

"Lile lenye maua pembeni?"

"Lilelile."

Nilidhani intaneti imekatika tena. Nikatazama vistari. Vyote vinne vilikuwepo.

"Shadya ndiye aliyelichagua," akasema Feisal. "Mimi nilitaka tuwanunulie blanketi. Tuligombana dukani mbele ya watu." Kisha akacheka, kicheko kifupi chenye kutu, na katika miezi mitano hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja jina la mkewe.

Tulicheza mechi tatu, naye akawa anamzungumzia muda wote. Alinifunga sita bila, tano bila, na ile ya tatu sikuhesabu, kwa sababu nilikuwa naitazama runinga kupitia machozi. Evangelina alipoingia kusema kwamba amepita, kukiwa na marekebisho madogo, alimkuta shangazi amesinzia kitandani, na mimi nimekaa sakafuni na vumbi langu, nikisikiliza. Akatazama sinia, akanitazama mimi. Alisema asubuhi alitaka kunishauri nifungue kabati. Nilimjibu kwamba najua.

Basi na iandikwe katika tarehe za Bagara, na wasomewe watoto wakiwa wamesimama: kwamba Jumamosi ile Basil mwana wa Modesti, simba wa ubao, baada ya mapambano ya saa tisa, kiapo kimoja na vibao vitatu, alifungua kabati lake mwenyewe. Kidude nilimrudishia Mustapha, na boksi lake. Rauta imerudi ukutani pale fundi alipoiweka, na inapata vumbi kama sisi sote. Sinia liko jikoni siku hizi. Tunachambulia maharage humo, na Feisal amesema mwezi ujao anakuja kula pilau kwenye sinia hilo.