Sala Juu ya Seva ya Depo

Wapendwa, leo nimeaibika. Sana.

Mnajua kazi yangu: natunza kompyuta za depo ya jumla ya papa Kambale hapa Kisangani. Chuma, yaani mashine yenyewe, ni kimoja tu, ila ndani yake nimepanga seva pepe kadhaa, na kila moja inajiona ina mashine yake. Mojawapo imebeba kanzidata ya bidhaa. Hiyo ikilala, hakuna mfuko unaotoka mlangoni.

Leo asubuhi ikalala. Nikaiamsha. Ikalala tena! Mteja wetu Mama Anifa alikuwa anasubiri chumvi yake, na boti yake ya kwenda Isangi inakaribia kuondoka.

"Mutoto yangu, iko nini? Boti itaniacha!"

Nikakunja uso kama daktari bingwa (mshahara unadai hivyo). "Hii ni vita," nikatangaza. "Kuna mtu anatushambulia kupitia mtandao."

Papa Kambale aliwahi kukimbia vita kutoka Goma bila hata karatasi moja ya biashara yake. Akavua kofia. "Bon. Tusali."

Tukaizunguka seva: wabebaji, wateja, wote.

"Bwana, ule mutu anaharibu hii machine, utuonyeshe jina yake, leo hii!"

"Amina!" (Sauti ya juu kuliko zote ilikuwa yangu.)

Nikafungua rekodi za mashine mama, ile inayobeba seva zote, watu wakichungulia begani kwangu. Zilisema memori imekwisha, kwa hiyo mashine imemuua mlaji mkubwa kuliko wote, yaani kanzidata. Na mlaji wa pili? Seva iitwayo KIMBIA. Aliyeiwasha: mimi. Jina kamili, hadi la ubatizo!

Jamani. KIMBIA ni nakala ya kanzidata. Papa aliniagiza niitengeneze ili tuondoke nayo vita vikifika huku. Jana niliiwasha kuijaribu, nikaenda kula pondu, nikasahau kuizima.

"Papa," nikasema, "adui amepatikana."

"Tumeona," akajibu. "Mungu iko mwepesi, hein."

Nikaizima. Kanzidata ikasimama, haikuanguka tena. Lakini wabebaji walikuwa wamekaa chini kwa kucheka, na boti inanguruma bandarini. Mama Anifa akaninyooshea kidole: "Wewe! Beba chumvi!"

Nimebeba, mfuko baada ya mfuko, kwa mbio. Boti haikumwacha, namshukuru Mungu.

Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi. Anayetaka kucheka, aje kwanza anikande mgongo.