Wanafunzi wa Mwanangu Hawapauki

Jumatatu, 6 Mei

Mwanangu sasa ni mwalimu. Si wa chaki na ubao, hao wamejaa. Yeye anafundisha mazoezi ya kupanda nguzo ya chuma na kuning'inia kwenye kitambaa kirefu kinachotoka darini. Cheti anacho. Nimekionyesha foleni nzima ya duka la dawa.

Tatizo moja tu. Msimamizi wa ukumbi kasema asipoona wanafunzi Jumamosi hii, saa aliyomtengea mwanangu anampa kijana wa jirani yangu anayefundisha karate. Jirani mwenyewe namwita Mama Karate. Leo kaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama binti yangu bado anaparamia mabomba. Nikamjibu bado, na wanafunzi hana pa kuwaweka.

Hana hata mmoja. Basi nitawaleta mimi.

Jumatano, 8 Mei

Nimewapata! Wifi yangu, msusi, muuza mayai, na mpishi mwenzangu wa jikoni shuleni. Wifi nimemwambia inatibu mgongo. Msusi, inapunguza tumbo. Muuza mayai hakuuliza, yeye popote yumo. Wote nimewaambia mimi nimeshafika juu kabisa. Nilifika, juu ya ngazi, nikitundika pazia. Juu ni juu.

Mwanangu kafurahi mpaka machozi. Kasema waje na kaptula, miguu iwe wazi. Akaanza kunieleza sababu, lakini nilikuwa na sufuria motoni.

Wifi kaigomea kaptula. Nimemtuliza: tutakuwa wanawake peke yetu, ukiondoa msimamizi, naye ni mzee wa miwani.

Jumamosi, 11 Mei

Nimewapokea mlangoni, nikatazama miguu. Mungu wangu. Imepauka kama imetoka kuchota majivu. Na Mama Karate yuko ng'ambo ya barabara, anajifanya anangoja mtu. Nikasema hapana, wanafunzi wa mwanangu hawapauki. Mafuta ya mgando hayakosi mkobani mwangu. Nikawapaka mmoja mmoja, kifundoni mpaka mapajani, viganja nikamalizia. Waling'aa kama vikombe vya wageni.

Mwanangu alikuwa ndani anafunga vitambaa, hakuona. Msimamizi akaja kukagua. Wifi akaanza: akashika nguzo, akaibana kwa mapaja, akanyanyua miguu. Akashuka. Hakuanguka, aliteremka taratibu, kwa heshima zake, kama lifti, akakaa sakafuni akimtazama msimamizi. Msusi akashuka kwa kasi zaidi. Muuza mayai akazunguka nusu, akatokea upande wa pili akicheka. Nikaenda mimi, bingwa, kuokoa jahazi. Likazama na mimi.

Mwanangu akapitisha kidole kwenye nguzo, akakinusa. "Mama, umewapaka nini?"

Nikamwambia mafuta, kwani ningewaacha waaibike?

"Mama, ngozi ndiyo inayoshika nguzo. Kaptula ni kwa ajili hiyo."

Saa nzima ikaishia kufuta nguzo kwa spiriti. Vitambaa hatukuruhusiwa hata kuvikaribia. Msimamizi kasema wanafunzi kawaona, mafunzo hajayaona. Kampa mwanangu Jumamosi moja zaidi, ya mwisho.

Jumapili, 12 Mei

Mwanangu kala chakula changu. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akaniegemea kama zamani. Akasema, "Mama, sina kingine ila saa hii. Nisaidie kwa kutonisaidia."

Nililia kidogo. Nikamwahidi. Mafuta, basi.

Jumanne, 14 Mei

Nimepita ukumbini kuchungulia tu, kuchungulia si kusaidia. Alikuwa peke yake. Jamani, nimezaa! Kapanda mpaka darini, kageuka kichwa chini, kaachia mikono, na nguzo imemshika kama mama yake. Nilitaka kuita wapita njia waje kuona.

Ila nimeona na jambo jingine. Kabla ya kupanda alichovya viganja kwenye unga mweupe kama wa chaki, akavipiga pamoja, vumbi likaruka. Kumbe! Siri yenyewe ni hiyo, na hakunieleza. Mtoto mpole, hapendi kunisumbua.

Nimeshanunua poda ya watoto, makopo makubwa, ile laini kabisa, inateleza vidoleni kama hariri, yenye kunukia. Jumamosi nitawangoja kina wifi kona ya barabara, kabla mwanangu hajawaona, niwapake shingoni mpaka vidole vya miguu. Msimamizi atashangaa mwenyewe. Mama Karate nimemwalika rasmi, aje na mwanawe wajifunze.