Mkwe, Jiroboti Lako Linapiga Hodi Kabla ya Ngumi

Omurushaka, Jumatatu

Kwa Mkwe wangu mheshimiwa Gaudiosus,
Mwenye banda la video.

Pole na kazi. Naandika kwa kuwa mimi na wewe hatuwezi kukaa uso kwa uso tukagombana, mila haziruhusu. Jumamosi ulimtuma mkeo, binti yangu Prudensia, aninong'oneze nitoke bandani, eti natangaza mwisho wa katuni kabla haujafika. Nilitoka. Sasa nakuomba, kwa heshima zote, uyafukuze na majiroboti. Sababu zangu:

1. Katuni zote ni ileile. Kijana yatima anaingia kifuani mwa jiroboti refu kuliko mnara wa simu. Linapigwa, linaanguka, Cassian anayetutafsiria kwa kipaza sauti analia "Maawe!", kisha linainuka. Nikisema "sasa litainuka", nimetoa siri gani? Hata mbuzi wangu anajua.

2. Halijui vita. Kabla ya kurusha ngumi linaitaja kwa jina: "Ngumi ya Radi Sabaaa!" Na adui anasubiri limalize! Nani anapiga hodi kabla ya kumpiga mtu? Ingawa nakiri ni adabu nzuri, na wakwe wengine wangejifunza hapo.

3. Ugonjwa umefika shambani. Jana nikikata ndizi nilijikuta nimepaza sauti, "Panga la Jua Linalochomoza!" Mkungu ulianguka vizuri ajabu. Jirani yangu Anonciata alikuja mbio akidhani ni nyoka. Leo naye anapepeta maharage kwa makelele, na yanatoka safi. Kwaya ikiambukizwa, Jumapili mabati ya kanisa yatang'oka.

4. Jumamosi nilipotoka, nilikaa nyuma ya ukuta wako. Nikasikia kishindo, kimya, halafu banda zima likaruka kwa shangwe. Nilijua kabisa kilichotokea. Haikunisaidia kitu.

Kwa hiyo ondoa majiroboti, weka mahubiri. Wasalimie wajukuu, mama yako Placidia, na wateja wote, hasa huyo aliyekalia kiti changu.

Ni mimi mkweo mwenye uchungu,
Restuta Kokubanza

Tanbihi: Usiondoe chochote kwanza. Prudensia ameniambia kwamba baada ya zile shangwe jiroboti lilikatwa kichwa, na mwendelezo ni Jumamosi. Moyo unanidunda tangu asubuhi. Najua litainuka, mkwe, lazima liinuke. Lakini bila kichwa, jina la ngumi litalitaja kwa mdomo gani? Niwekee kiti changu. Nitakuja nimejifunga kanga mdomoni.