Namba ya Kushoto, Namba ya Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Mama Mkurugenzi ametuita ofisini kwake sisi wawili wa chumba cha kompyuta, mimi na Taratibu. (Jina la kazini hilo. Ukimwomba hata kalamu anakwambia taratibu.) Amesema mfumo wa duka unatutia aibu. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja kuulizia spea za breki, skrini ya kaunta ikaganda, akaondoka zake kwenda kwa washindani wetu. Atakayeuponya mfumo huo atakuwa mkuu wa kitengo. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Taratibu anadai alikuwa anatazama saa ya ukutani nyuma yangu. Wivu.

Tatizo nalijua. Kwenye kanzidata yetu spea zimepangwa kama ukoo. Gari ndiye babu. Injini na breki ni watoto wake, pedi ni mtoto wa breki, klipu ni mtoto wa pedi, na kuendelea. Ukiomba vyote vya breki, mfumo unamwendea kila mmoja kumuuliza kama ana watoto, kisha unawaendea hao watoto, na kila safari unasoma orodha nzima ya duka kuanzia juu. Mteja atasubiri mpaka aote mvi.

Taratibu anataka tupime kwanza, tujue unachelewa wapi hasa. Kupima! Nyumba inaungua, yeye anatafuta kipimajoto.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nikatupa wembe, nikakimbilia kazini na shavu moja tu limenyolewa. Hakuna aliyesema neno. Watu wanawaheshimu wenye akili.

Wazo lenyewe: nauzunguka ukoo wote mara moja nikihesabu. Nikiingia kwenye spea, naipa namba ya kushoto. Nikimaliza watoto wake na kutoka, naipa namba ya kulia. Kwa hiyo watoto, wajukuu na vitukuu wote wa breki wanajikuta katikati ya namba mbili za breki. Swali linabaki moja tu: nani yuko katikati? Kwisha habari.

Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza itakuwaje ikija spea mpya. Nikamjibu kwamba ikija tutaonana nayo. Baadhi ya watu wamezaliwa kupinga.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshinda. Dada wa kaunta aliomba spea zote za breki, na kabla hajainua kidole zilikuwa zimejaa kwenye skrini. Akabonyeza tena, akidhani mashine imeharibika. Mama Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya wateja. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu ili nionekane na watu wengi zaidi.

Mke wangu nilimweleza siri yote kwa vikombe na vijiko. Alisema anajivunia kuwa na mume kama mimi, ila vijiko nivirudishe maana chakula kiko tayari.

Alhamisi, 6 Juni

Hujuma. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye mtunza stoo. Leo amepokea aina mpya ya pampu ya maji na kuiingiza kwenye mfumo. Pampu moja tu! Lakini iko upande wa injini, huko mwanzoni kabisa mwa hesabu. Ikipenyezwa pale, kila aliye mbele yake lazima asogee na kupewa namba mpya, kama watu kwenye benchi lililojaa. Duka zima lilikuwa linasogea. Kaunta ikaganda vibaya kuliko Jumatatu.

Nimetoa suluhisho papo hapo. Tangazo kwenye mlango wa stoo: ni marufuku kupokea spea mpya saa za kazi.

Shemeji alikuja na tangazo mkononi. Nje kulikuwa na lori limejaa mzigo na dereva wake amenuna. Hakupaza sauti.

“Shemeji,” akasema, “duka la spea lisilopokea spea ni duka la nini?”

Nikamwambia ni duka lenye kasi.

Ijumaa, 7 Juni

Sipendi kuandika ya leo. Nitaandika kwa ufupi.

Shemeji alipokea lori zima. Namba zikaanza kusogea, wateja wakajaa, wakaanza kuguna. Nikaikatiza kazi katikati. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo ikikatizwa, mfumo unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Ulinzi huo nilikuwa nimeuzima Jumatano kwa kuwa ulinipunguzia mbio. Basi nusu ya duka ikabaki na namba mpya, nusu na za zamani.

Yule dereva wa gari la wagonjwa akarudi. Amesikia tuna kasi! Akaomba vya breki. Jibu likaja kufumba na kufumbua. Dada wa kaunta akaingia ndani, akamletea honi na waipa mbili.

Dereva akaigeuza honi mkononi. “Dada,” akasema, “mimi nataka gari lisimame. Kwa hii litapiga kelele tu likienda kugonga. Na nina mgonjwa wa kumfuata.”

Shemeji ilibidi aingie stoo mwenyewe, akapekua rafu hadi akazipata pedi. Dereva akaondoka mbio. Mama Mkurugenzi hakunipa mkono.

Ila kasi ilikuwepo. Hilo hata yeye hawezi kulikana.

Jumamosi, 8 Juni

Taratibu alikuwa na nakala ya akiba. Alirudisha data yote, kisha akapima alivyotaka tangu mwanzo. Kumbe safu ya mzazi, inayoonyesha nani mtoto wa nani, haikuwa na faharasa, ile orodha fupi inayoonyesha kila kitu kiko wapi. Akaiwekea, na sasa mfumo unawaendea watoto moja kwa moja bila kusoma orodha nzima. Akaandika na swali moja linaloushuka ukoo wote kwa safari moja. Basi. Spea zilizoletwa na lori zikaingia huku kaunta ikiuza, na hakuna aliyeshtuka.

Kitengo kapewa yeye. Alinifuata mezani, akaniambia kwa upole kwamba namba zangu ni nzuri kwa ukoo usiobadilika mara kwa mara.

Nimeiandika kauli hiyo hapa kama ilivyotamkwa na mkuu wa kitengo: namba zangu ni nzuri.

Jumatatu, 10 Juni

Kazi mpya, na nyeti! Kupanga wafanyakazi kwenye mfumo, nani yuko chini ya nani, ili maombi ya likizo yaende kwa mkubwa husika. Watu wachache, hawabadiliki. Kushoto, kulia, kabla ya chai nimemaliza. Nikarekebisha pia dhuluma moja ndogo: nimezipanua namba zangu kidogo pande zote mbili, Taratibu akaangukia katikati, yaani chini yangu. Sikupima. Anayejiamini hapimi.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi limeingia kwangu ombi la kwanza la likizo, lasubiri idhini yangu. Si la Taratibu. Ni la Mama Mkurugenzi, wiki mbili.

Mwanzoni nilishtuka. Baadaye nikaelewa. Mfumo nilioupanga mimi haukosei. Hii ndiyo njia ya Mama Mkurugenzi ya kunipandisha cheo bila kuwaumiza wengine.

Nimemjibu kwa heshima zote kwamba kipindi hiki tuna kazi nyingi. Ajaribu mwezi ujao.