Pai ya Maziwa na Namba za Nyota

Jumatatu, 4 Agosti
Andika, Lientjie mjukuu wangu, na usinirekebishe. Dokta Visagie, mkuu wa kituo chetu cha nyota, kasema jiko langu la chai linafungwa mwisho wa mwezi, inawekwa mashine. Miaka kumi na tisa! Eti wataalamu wa nyota siku hizi wanapeana kila kitu kwa kompyuta, chai ya nini? Wanapeana! Subramani wa India kakalia namba zake za nyota tangu Pasaka, Benedetta wa Italia anazililia. Vyumba vyao jirani, wanaandikiana barua. Hata kondoo wa hapa kwetu Karoo hunusana kwanza.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeoka pai ya maziwa. Moja. Meza moja, kisu kimoja, Subramani na Benedetta. Wakaanza na baridi, wakafika kwa mama zao. Mama yake Subramani anaumwa goti, kama hili langu la kushoto, lilianza mwaka ule wa theluji, marehemu babu yako Oubaas akiwa bado… haya, basi. Saa kumi namba zimetumwa! Grieta wa jiko la hosteli kaomba nimfundishe pai. Nikasema siri ya mama haitoki. Akauliza, Dorie, utazikwa nayo? Nikamjibu ndiyo, nawe matangani utakula biskuti kavu.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa. Namba zimekuja bila maelezo, Benedetta hajui ipi ni nini. Nikamwendea Subramani. Mwanangu, huko si kutoa, umempa mtu kufuli ukabaki na ufunguo! Kaona haya. Katuma yote.

Alhamisi, 7 Agosti
Jiko limepona! Visagie kaona namba zimetolewa na pai, mashine haiji. Ila kesho wanakuja wageni wa nchi saba, nami nina kliniki ya goti. Visagie kasema Grieta aoke, pai asiyoijua mtu wa pili haina faida kwa ofisi. Nimemwelekeza kwa moyo mweupe. Mayai manne nikasema mawili.

Ijumaa, 8 Agosti
Pai imekuwa uji. Wageni wameinywa. Grieta kalia mbele za watu, na Visagie kasema tuoke pamoja Jumatatu, ikiharibika mashine inakuja. Benedetta kaniuliza polepole, Bibi Dorie, ufunguo uko wapi? Usiku huu sitalala.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kwa Grieta. Nimemkumbatia, nimetubu, tumelia wote. Nimemwambia mayai ni manne. Roho yangu nyepesi kama unyoya!
Mdalasini hakuuliza, nami sikuutaja.